Mwamba Usio na Watu

Mpango tuliuandika kwa penseli ya seremala kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, katika stoo ya duka la vifaa vya ujenzi pale Emali nilikokuwa karani. Mfuko wa saruji una matabaka. Ukiuchana polepole, karatasi ya ndani hutoka safi kabisa. Tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya harambee, kijana mwembamba aliyewahi kupelekwa kozi ya kupanda milima kule chini ya Kilimanjaro, akarudi na kamba ya nailoni ya rangi ya machungwa ambayo hakumruhusu mtu kuikanyaga. Mwingine alikuwa dereva wa lori, mzaliwa wa Kitui mjini, wa ukoo wa Waislamu waliotoka pwani zamani za babu zao, mtu wa maneno mengi na sala tano. Wa tatu ni mimi, niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne na kujiona nimemaliza dunia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Vijana wenzetu walitumia likizo zao kwenye densi na mpira. Mwalimu ndiye aliyetuambukiza ugonjwa wa miamba. Alitufundisha kufunga mafundo kwa kamba ya kufungia mizigo ya lori, tukifanya mazoezi kwenye ukuta wa nyuma wa duka, tajiri wangu akiwa amekwenda sokoni.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa Nzambani, karibu na Kitui, kwa sababu dereva alikuwa na mzigo wa kupeleka huko. Halikufaulu. Tulikuta wanafunzi wa shule mbili, wauza ndizi, na wazee waliokuja kupunga upepo. Huko husemwa kwamba ukiuzunguka mwamba ule mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Basi tulipokuwa tukitembea chini yake kutafuta mahali pa kuanzia, watoto walitufuata wakihesabu kwa sauti: moja! mbili! Tulipofika ya tatu dereva akakataa kuendelea. "Mimi nina mchumba," akasema, "siwezi kumpelekea wifi."

Mwalimu alipanda kimo cha watu wawili hivi, akakwama akitafuta pa kushika. Chini watu walikuwa wamejaa kama wa mkutano wa chifu.

"Mwalimu, umeangusha nini huko juu?"

"Mwacheni, anatafuta mshahara wake!"

Mwanamke mmoja muuza ndizi, sauti yake ya upole kabisa, akauliza, "Mwanangu, mama yako anajua uko hapo?"

Mwalimu alishuka masikio yakiwa yamemwiva. Tulipokaribia Machakos ndipo akasema, "Safari ijayo, hakuna watu. Hata mmoja."

Ndiyo maana tukawa katika stoo ile, tumepiga magoti juu ya karatasi ya saruji.

"Tunataka mwamba usio na watu," mwalimu akasema, akaandika.

"Na wenye maji," dereva akasema. "Siwezi kukaa siku tatu bila kutawadha."

"Utatayamamu kwa mchanga."

"Mwalimu, tayamamu ni ya aliyekosa maji. Si ya aliyepanga kuyakosa."

Walibishana hivyo kwa muda. Mwalimu alitaja Nzaui, dereva akasema kule kuna shule na kanisa na watu wakata kuni. Mwalimu akataja vilima vya upande wa Malili, mimi nikasema huko lazima maji yabebwe kutoka barabarani. Kisha nikasema neno ambalo hakuna aliyeniomba niseme.

"Naujua mmoja. Hauna watu, na maji yako juu."

Wote wawili wakaniangalia. Mimi sikuwa na kamba ya nailoni wala lori. Katika utatu wetu nilikuwa yule anayeshika tochi. Siku ile, kwa mara ya kwanza, penseli ikaja mkononi mwangu.

Mwamba ule nilikuwa naujua kwa sababu chini yake, upande wa mashariki, ndiko alikoolewa mama yangu mdogo, yaani mdogo wake mama. Mumewe alikuwa amekufa na kuzikwa pale pale shambani. Mwanawe wa pekee, binamu yangu, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Emali, karakana yake mitaa miwili kutoka dukani kwetu, na kwa muda mrefu alitaka kumhamishia mama yake mjini. Mama mdogo hakutaka. Walikuwa wamevutana hadi wakafika mapatano, nami nilikuwa nimeyasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe miezi miwili kabla, nilipompelekea sukari.

"Mwaka jana alinikuta nimeanguka njiani na debe, nikitoka mtoni," aliniambia. Mto wenyewe ni wa mchanga. Wakati wa kiangazi unafukua shimo na kungoja maji yajikusanye, na kutoka kwake ni mwendo wa saa mbili na nusu. "Akalia, mwanamume mzima. Basi tumekubaliana. Maji yangu ya mwamba yakinifikisha mvua ya Novemba, nakaa, hanisumbui tena. Yakiisha kabla, nafunga nyumba, namfuata."

"Yatafika?"

"Yatafika. La chini nachota sasa. La juu nimelifunga tangu Aprili."

Kule kwetu mwamba si jiwe tu. Mvua ikinyesha, mashimo ya juu ya mwamba hujaa, na kila dimbwi lina mwenyewe, kama shamba. Mama mdogo alikuwa na mawili. La chini alilitumia kwanza. La juu, kubwa kama kitanda na kina chake kikipita goti, alilifunika kwa matawi ya mgunga yenye miiba na kulikandamiza kwa mawe bapa, lisifunguliwe mpaka Septemba, la chini likishakauka. Mpita njia akikuta miiba, ruhusa anayo ya kuingiza mkono na kunywa kwa kiganja. Kuchota kwa chombo hana. Na kufunga kwenyewe kuna mkono wake: mji mmoja, yaani boma moja, hulaza mashina yakitazama nje, mwingine ndani, mwingine hukunja tawi la mwisho chini ya jiwe kwa namna yake, hivi kwamba mwenye dimbwi akija hujua kwa kutazama tu kama limeguswa. Mkono wa mama mdogo alinifundisha mwenyewe nilipokuwa na miaka kumi, nilipokaa kwake likizo nzima. Mashina nje, upande wa machweo, mawe matatu, tawi dogo la mwisho linapita chini ya jiwe la kati na ncha yake inachomoza.

Haya yote niliyajua nikiwa nimeshika penseli. Mwalimu alikuwa anasoma orodha kwa sauti, mimi naandika: turubai la lori, moja. Sufuria mbili. Unga, maharagwe, majani ya chai, sukari. Raba, kila mtu zake. Kamba ya nailoni, kamba za lori mbili. Sabuni. Taa ya mafuta.

"Maji?" akauliza.

Nikaandika: MAJI YAPO.

Kisha nikachora njia. Kulikuwa na mbili. Ya mkato inapita uani kwa mama mdogo, karibu kabisa, hata kuku wake hukupisha. Nyingine inazunguka magharibi, inafuata kitanda cha mto wa mchanga, halafu inapasua vichaka. Nikachora ya pili. Dereva, ambaye kazi yake ni njia, akaona.

"Kwa nini tuzunguke hivyo?"

"Ile nyingine ina watu."

Watu wenyewe walikuwa mtu mmoja.

Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini sikupita kwake. Kumwogopa sikumwogopa, hakuwa mkali. Lakini kwetu huwezi kupita mji wa mama yako mdogo bila kuingia, na ukiingia unakaa, na ukikaa unaulizwa. Angetukamatia kuku. Angeuliza tunalala wapi, tunakula nini, nani atatuchotea. Angetupa maji kwa kibuyu, kila mtu kipimo chake, kwa mikono yake. Mimi nilikuwa nimekwisha waahidi wenzangu maji ya kuoga. Halafu kulikuwa na aibu ya pili. Mwaka ule mvua ya Aprili ilikuwa imetudanganya, mahindi yalikauka yakiwa na kimo cha goti, na mimi msomi wa ukoo ningesimama mbele yake na kusema nimekuja kucheza juu ya mawe.

Tuliondoka Emali Jumatano ya likizo ya Agosti. Dereva aliliacha lori kwa rafiki yake kando ya barabara ya kwenda Wote, tukabeba mizigo mgongoni. Mpango ulikuwa siku tatu. Tulikaa tano.

Tulipofika dimbwini jua lilikuwa limeanza kulainika. Mwalimu alitua mzigo na kuangalia ile miiba.

"Hii ni nini?"

"Ya kuzuia nyani," nikasema. Hilo halikuwa uongo wote, na ndiyo sababu lilitoka kwa urahisi.

Niliondoa jiwe la kati, nikavuta tawi dogo, nikayapanga matawi pembeni kwa mpangilio wake ili nijue kuyarudisha. Maji yalikuwa meusi na baridi, na mdudu mmoja alitembea juu yake kana kwamba ni kioo. Dereva alichuchumaa, akakunja mikono ya shati, kisha akasita.

"Maji haya ni ya nani?"

"Ya Mungu."

"Mungu najua. Chini ya Mungu?"

"Bwana, maji ya mvua yana mwenyewe?"

"Nauliza kwa sababu maji ya mtu siwezi kutawadhia bila idhini yake. Udhu hauswihi."

"Hayana mwenyewe," nikasema. "Tawadha."

Akatawadha, akaswali kwenye mwamba akielekea kaskazini, kivuli chake kirefu. Mimi nilikuwa nakusanya kuni. Nakumbuka nilivunja fimbo kavu kwa goti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Laiti siku zile zingekuwa mbaya. Zilikuwa nzuri, na hilo ndilo linalonitaabisha hadi leo. Asubuhi mwamba ulikuwa baridi kama chuma, na vidole vilishika vizuri. Mwalimu alitutangulia, akafunga kamba kwenye mtini uliojishikiza kwenye ufa, nasi tukamfuata mmoja mmoja. Dereva alipanda kwa mdomo zaidi kuliko kwa mikono.

"Mwalimu, hapa hakuna pa kushika!"

"Kuna ufa kwa mkono wako wa kushoto."

"Huu? Huu hata mchwa angelalamika!"

"Weka vidole viwili."

"Nikifa mwambie mchumba wangu nilikufa ofisini."

Siku ya pili nilifika kileleni wa kwanza, nikaona tambarare yote hadi reli, na moshi wa treni ukiwa uzi mdogo. Sikuwahi kujisikia mkubwa hivyo. Upande wa mashariki nyumba ya mama mdogo ilionekana pia, paa lake la nyasi na ua wake, na kitu kidogo cheusi kikisogea uani. Niliwaambia wenzangu tusikae upande ule kwa kuwa una nyuki.

Mchana tulipika kwa moshi mdogo, kwa sababu hiyo hiyo ya nyuki. Jioni tukaoga. Mwalimu alishikilia kwamba mpandaji wa kweli huoga kila siku, na kwamba jasho likikaukia ngozini siku ya pili unapanda ovyo. Tulisimama ukingoni mwa dimbwi, kila mtu na sufuria, tukajimwagia. Povu liliteremka kwenye mwamba na jingine likarudi ndani. Siku ya nne tulifua nguo. Nilitazama alama ya maji kwenye ukuta wa dimbwi ikishuka, mstari juu ya mstari, nikajiambia bado yapo, bado yapo. Siku ya tano yalikuwa chini ya nusu ya tulivyoyakuta, na rangi yake ilikuwa ya maziwa.

Wenzangu walipokuwa wakikunja turubai, mimi nilifunga dimbwi. Mashina nje, upande wa machweo. Mawe matatu. Tawi dogo chini ya jiwe la kati, ncha ikichomoza. Nilifagia majivu kwa kitawi cha majani, nikatupa mawe ya jiko korongoni. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikatazama. Mwenyewe asingejua. Nilifurahia kazi yangu. Niseme ukweli, nilifurahia.

Kosa la kutumia maji yake ni kosa ambalo mwizi yeyote angelifanya. Lile la kufunga lilikuwa langu peke yangu. Ningeliacha dimbwi wazi, miiba imetapanyika, mama mdogo angejua kwamba wageni walipita, angelaani, angeita majirani waone, angemwonyesha mwanawe alama za raba. Nililifunga kwa mkono wake, na waliojua kufunga kwa mkono ule walikuwa watu wawili tu, yeye na mimi.

Katikati ya Septemba binamu yangu aliingia dukani kununua kufuli.

"Mama anakuja Jumapili," akasema.

Nikamwuliza kuna nini, huku nikijifanya natafuta kufuli ambazo zilikuwa mbele ya macho yangu.

"Mwamba umemshinda. Amefungua dimbwi la juu, akakuta madebe machache, yananuka. Anaapa alilifunga likiwa limejaa na amelikuta limefungwa vile vile. Nimekwenda mwenyewe nimeona. Miiba ni yake, kabisa." Alishusha sauti, kama mtu anayesema habari ya aibu ya nyumbani. "Nadhani amekuwa akichota na kusahau. Au alilifunga likiwa nusu. Umri, ndugu yangu. Afadhali nimejua mapema kabla hajaacha moto ukawaka ndani."

Kufuli ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema: ni sisi tulioyatumia maji. Angenikasirikia, labda angenipiga, kisha angepakia mapipa mawili ya maji na kumpelekea mama yake, na mapatano yao yangebaki. Lakini mwalimu angejua kwamba niliwadanganya. Dereva angejua. Tajiri wangu, aliyekuwa amekaa pale pale na gazeti, angesikia. Nikasema, "Pole sana. Uzee ni kitu kibaya." Nikamfungia kufuli katika karatasi.

Mama mdogo alikuja Jumapili ile, na mbuzi wake wanne wakauzwa kwa jirani. Novemba ilinyesha kama kawaida. Aliniuliza siku moja kama nadhani madimbwi yamejaa. Nikasema sijui.

Nyumba ya binamu yangu ilikuwa nzuri, ya mawe na mabati, na mfereji uani. Mkewe alimheshimu. Lakini mwanamke yule niliyemjua akitembea peke yake saa mbili na nusu hadi mtoni, akajifunza kuomba athibitishiwe. Nilikuwa nikienda kumwamkia Jumapili, kwa sababu kutokwenda kungenisema zaidi, na nilimsikia.

"Mke wa mwanangu, mlango nimeufunga?" angemwuliza mkaza mwana.

"Umeufunga, mama."

"Uende uone."

Alikuwa akianza kusimulia jambo la zamani, kisha akakatiza: "Au si hivyo. Siku hizi mimi najichanganya." Hakuwa amejichanganya. Nilikuwa nikimsikiliza na kulinganisha na ninavyokumbuka mimi, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Mwanawe aliwaambia wageni kwa mapenzi, mbele yake, "Mama anasahausahau kidogo," naye alitabasamu kama mtoto aliyekubali kosa. Miaka sita ilipita hivyo. Nilioa, nikaacha ukarani, nikafungua duka langu dogo. Mwalimu alihamishwa akapotelea huko Magharibi na kamba yake. Safari ya mwamba tuliikumbuka mimi na dereva mara chache, yeye akicheka, mimi nikibadilisha maneno.

Jumapili moja dereva alikuwa Emali, na lori lake lilikuwa limetoka kuchomelewa mlango wa nyuma karakanani kwa binamu yangu. Akaniambia twende nalo tumsalimie mama wa fundi. Sikuweza kukataa. Tukakaa uani, tukapewa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa wapi?"

"Kitui, mama. Lakini nyumba yangu ni lori."

Akacheka, akampenda. Akaanza kumsimulia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza jinsi alivyokuwa akikaa mbali, peke yake, na maji yake mwambani, la chini na la juu. "Nilifunga la juu na miiba. Mashina nje. Mawe matatu. Nikaja nikakuta mawe matatu, miiba, na maji hakuna. Basi nikajua kichwa kimekwisha." Akagonga paji lake kwa kidole.

Kikombe cha dereva kilisimama njiani. Hakuniangalia. Aliuliza taratibu sana, "Mwamba huo, mama, uko upande gani?"

Akamwelekeza. Alikuwa na kumbukumbu nzuri. Alitaja mto wa mchanga, alitaja mtini kwenye ufa.

Dereva alimaliza chai yake, akashukuru, akaaga. Tulipofika nje ya lango akasimama.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza mara mbili."

"Najua."

"Umenitawadhisha kwa maji ya mjane. Siku tano."

"Nisamehe, bwana."

"Mimi? Mimi niko mwisho kabisa wa foleni. Mwenyewe yuko hapo ndani, anajigonga kichwa kwa kidole." Akafungua mlango wa lori, akaufunga tena. "Usinisalimie mpaka umekwenda."

Nilikaa siku tisa. Sitaki kujitetea kwa siku zile. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, nilifunga duka nikaenda. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani akichagua mawe katika pojo.

"Wakya," akaniamkia, kama alivyoniamkia tangu utotoni.

"Aa," nikajibu. Nikakaa chini, kwenye udongo, nikamwambia. Nilianza kwa Nzambani na umati wa watu, akanikatiza kwa mkono.

"Hayo ya Kitui sitaki. Sema ya maji."

Nikasema ya maji. Niliyasema yote, hata ya njia niliyoichora. Alikuwa ameacha kuchagua pojo. Nilingoja alie, au anitukane, mambo ambayo nilikuwa nimejiandalia.

"Mlioga?" akauliza.

"Tulioga."

"Na sabuni?"

"Na sabuni, mama."

"Ukafunga wewe."

"Nikafunga mimi."

"Jiwe la kati uliweka tawi?"

"Niliweka."

Akapiga kofi moja kubwa, pojo zikamwagika kutoka ungoni. "Mke wa mwanangu!" akaita, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka sita. "Wee! Acha hicho unachofanya, njoo hapa usikie!" Mkaza mwana akatoka mbio na mikono yenye unga, akidhani ameanguka. "Sema tena," mama mdogo akaniambia. "Polepole. Asikie vizuri."

Nikasema tena. Alipomaliza kusikia huyo, akaitwa jirani wa ukuta wa pili, nikasema mara ya tatu. Kisha akanikataza kuondoka, akanikalisha pale hadi mchana binamu yangu alipokuja kula, na mbele ya sahani yake ya isyo, mahindi na maharagwe, nikasema mara ya nne. Binamu yangu aliweka kijiko chini. Nilimwona akirudi nyuma katika akili yake, mwaka kwa mwaka, akifika kwenye kufuli.

"Siku ile dukani," akasema.

"Ndiyo."

"Nikakuambia ni uzee. Ukaniambia pole."

"Ndiyo."

Hakunipiga. Ingekuwa rahisi. Alimgeukia mama yake akasema, "Mama, nisamehe," naye akamjibu, "Kula, chakula kinapoa."

Aliomba apelekwe kwake. Binamu yangu alimpeleka wiki ile ile, nami nikawafuata nikiwa nimekaa nyuma. Hakukuwa na kitu cha kurudia. Mchwa walikuwa wamekula nguzo, paa lilikuwa limelala juu ya kitanda, na ua ulikuwa vichaka. Miguu yake ilikuwa imeshaharibika pia. Alipanda hadi dimbwi la chini tu, akishikiliwa huku na huku. La juu aliliangalia kwa mbali. Aliuliza kama limejaa, binamu yangu akapanda akaangalia, akasema limejaa. "Vizuri," akasema. "Na wapite wanywe."

Tulipokuwa tunamteremsha nilimwomba msamaha. Sikuwa nimeutamka bado. Nilikuwa nimekiri tu, na nilidhani ni kitu kimoja. Alisimama kupumzika, mkono wake kwenye bega langu, mzito.

"Hilo ngoja," akasema. "Nimefurahi sana wiki hii. Usiniharibie."

Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo, akiwaamrisha watu nyumba nzima. Nilikuwa nikienda kila Jumapili. Alinikaribisha, alinipa chai, alinituma dukani na kunisimanga kwa kuchelewa. Neno lile la msamaha hakulirudia, na mimi, niliyeipitia mbali nyumba yake ili nisiulizwe, sikuwa na uso wa kumwuliza.